Joto la Kichuguu

Siku tuliyomzika mama mkwe nilikuwa jikoni, kwa sababu siku za mazishi pahali pangu ni jikoni. Sufuria tatu za muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, zilikuwa motoni, na wake za watoto wetu walikuwa wakibishana kama chumvi imetosha. Nikawaambia chumvi haibishaniwi, huonjwa. Wakaonja. Ndipo mlango ukazibwa na mtu. Alikuwa mwanamke mnene wa rika langu, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya raba vyenye vumbi la safari, na hakututazama sisi. Alitazama paa, akatazama mafiga, akatazama kona ya kushoto, akasema, "Kumbe mlitoa kinu." Hakusema hamjambo. Niliijua sauti kabla sijaujua uso. Ilikuwa sauti ya Mwende, ambayo sikuwa nimeisikia kwa karibu miaka thelathini. Mara ya mwisho nilipoisikia ilisema neno moja tu, na neno hilo nimeishi nalo kama mtu aliyekatikiwa na mwiba ndani ya kisigino. Hulima, hubeba, huenda kanisani, lakini hakuna hatua anayoipiga bila kuujua uko pale.

Nitaandika mwaka mmoja tu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo msomaji asitafute maneno makubwa hapa. Kuzaliwa kwangu, baba yangu na ng'ombe wake, mambo ya mahari, hayo ayaandike anayeona yana kazi. Mwaka ninaoutaka ulikuwa mwaka wa tatu wa ndoa yangu, miaka michache baada ya uhuru, upande wa kaskazini wa Kitui, katika boma lililoegemea mlima. Mwende aliletwa mwezi wa Januari kuolewa na Kilonzo, shemeji yangu mdogo, aliyekuwa akipakua mizigo bandarini Mombasa. Kilonzo alikaa wiki mbili, akaezeka nyumba yao upande mmoja, likizo ikaisha akarudi. Nyumba isiyo na paa nusu hailaliwi na msichana peke yake, basi Mwende akaletwa kulala kwangu jikoni, na kitanda chake cha kamba kikawekwa kati ya kinu na ukuta. Mume wangu naye alikuwa akilala juu mlimani kwenye kambi ya wapasua mbao, akishuka Jumamosi ananuka utomvu na kupanda tena Jumapili baada ya ibada. Kabla ya Mwende kuja, kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa niliongea na mtoto wangu Ndunge, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, na kuku. Mama mkwe alikuwa haongei, alikuwa anaagiza. Sikujua kwamba nilikuwa na upweke, kwa maana mtu hajui nyumba ina moshi mpaka mgeni akohoe.

Mwende alikohoa siku ya kwanza, akaanza kusema, na hakuacha. Alikuwa ametoka Kalamba, upande wa Makueni, na kwa maelezo yake Kalamba ilikuwa kama mbinguni isipokuwa watu hufa. "Kwetu mapapai huanguka yenyewe," alisema, huku akitwanga mahindi ya muthokoi na kumwaga nusu chini. Nikamwambia, "Basi mngebaki mkiyaokota." Akacheka mpaka akaacha mchi. "Mama Ndunge, wewe hucheka mara ngapi kwa mwaka?" Nikamjibu, "Nikipata sababu." Akaniapia kwamba atanipa sababu kabla ya mvua, na kusema kweli alinipa. Alimwiga mzee wa kanisa anavyopanda mimbari akishika kiuno. Alimwiga mama mkwe anavyohesabu kuku jioni kwa kidole, halafu anahesabu tena kwa sababu haamini kidole. Nilikuwa nacheka nikiwa nimeziba mdomo kwa lesso, kwa kuwa nyumba ya mama mkwe ilikuwa hatua kumi tu, na ukuta wa matope una masikio.

Sasa niseme habari ya mlima, kwa sababu bila mlima hadithi hii haina mlango. Mtu anayeijua Kitui kwa kupita tu barabara ya Garissa atasema nadanganya, kwa maana yeye aliona miiba na udongo mwekundu. Lakini mlima wetu juu ulikuwa na msitu, na msitu ulikuwa ukishika ukungu. Miti mingine watu watatu hawakuweza kuikumbatia wakashikana mikono, na matawini ilining'inia kuvu ndefu kama ndevu za mbuzi. Ukiingia kule mwezi wa Agosti, wakati huku chini mbuzi wanakula makaratasi, ulitoka na lesso imelowa na hakuna tone la mvua lililoanguka. Chini ya msitu huo ilitoka chemchemi yetu. Nilikuwa naweza kuweka uji motoni, nikaenda kuchota maji, nikarudi kabla haujafurika. Katikati ya miti palikuwa na ithembo, pahali pa kutambikia pa wazee wa zamani, ambapo hata kijiti cha mswaki hakikuvunjwa. Kanisa letu lilitaka paa. Mzee mmoja akasema miti ya ithembo ndiyo ianguke kwanza, watu waone hakuna pepo atakayemshika mtu mkono. Ikaanguka. Hakuna pepo aliyemshika mtu. Tuliimba siku hiyo, na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

Baada ya kuona miti ile imeanguka na jua limechomoza kesho yake kama kawaida, watu hawakuwa na sababu ya kuacha. Mbao zilitoka, na palipotolewa mbao, matawi yakachomwa makaa, na malori ya mji wa Mwingi yakapata njia mpaka shingoni mwa mlima. Nisijifanye msafi. Mume wangu alishika upande mmoja wa msumeno, na mimi nilibeba makaa mgongoni, ukanda kichwani, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mojawapo ya zile sufuria tatu za siku ya mazishi, ile yenye kifuniko kisichokaa sawa, niliipata kwa makaa ya mwaka ule. Bado inapika vizuri. Chemchemi ilianza kupungua mwezi wa Mei, ingawa mvua za masika zilikuwa zimenyesha. Ilikuwa nene kama mkono, ikawa kama kidole, ikawa kama uzi, na mwisho ikawa alama ya unyevu kwenye jiwe, na nyuki wakigombania alama hiyo. Mama mkwe alikwenda akasimama pale na kibuyu chake. Aliporudi aliagiza, "Kuanzia kesho mtashuka mtoni."

Mto wenyewe ni mchanga. Maji yako chini yake, na watu huchimba visima, huchota kwa kata, halafu hungoja maji yajikusanye tena. Kushuka ni saa moja na nusu, kupanda na debe mgongoni sisemi. Visima vilikuwa vya watu wa bondeni, na aliyevisimamia alikuwa mwanamke anayeitwa Kamene, mrefu, sauti ya kuitia ng'ombe. Siku ya kwanza alitusimamisha hapo ukingoni sote wanawake wa mlimani. "Nyinyi," akasema, "mmekula miti yenu mkamaliza, sasa mmekuja kunywa mchanga wetu?" Mmoja wetu akamjibu kwamba maji ni ya Mungu. Kamene akasema, "Ni ya Mungu, lakini aliyechimba ni mume wangu." Kisha akatoa sheria. Asubuhi watachota watu wa bondeni, mchana watakunywa mifugo, na sisi tutachota mwisho, jua likishagusa miti. Na foleni ilikuwa na sheria yake. Debe lako likikaa peke yake, anayefuata analisukuma nyuma. Basi ilitubidi tukae, kila mtu karibu na debe lake, kuanzia jua likiteremka mpaka giza linapoingia, tukisuka vikapu vyetu vya vyondo na kungoja kisima kijae kata tano, kata sita, kingojewe tena.

Karibu na foleni palikuwa na kichuguu cha mchwa kirefu kuliko mtu, chenye mashimo wazi juu na ubavuni, mapana kama mdomo wa mtungi. Jioni za Juni na Julai kwetu zina baridi, hasa kwa mtu aliyetoka jasho njiani. Lakini kichuguu kinapumua. Ukiweka mkono kwenye shimo utasikia hewa ya joto, yenye unyevu, kama pumzi ya ng'ombe, na udongo wake hushika jua la mchana mpaka usiku. Kila mwanamke alitaka kuegemea hapo. Mimi sikuwa mwanamke wa kugombania kitu, lakini siku hiyo niligombana. Niliwaondoa wengine nikasema, "Bibi harusi akae. Mtoto wa watu hajazoea baridi yetu." Mwende akaniangalia. "Mama Ndunge, leo umekuwa na roho?" Nikamwambia, "Kaa kabla sijageuza maneno." Akakaa, akaegemeza mgongo, akapeleka nyayo karibu na shimo la chini na kufumba macho kama paka. Tangu siku hiyo pahali pale pakawa pake, na mtu mwingine akipasogelea nilimkoholea. Mimi nilikaa kwenye jiwe, upande wa upepo. Palikuwa na vidudu vidogo vya rangi ya mchanga, visivyovuma kama mbu, vikiruka-ruka kama vimechoka. Vilimuuma miguu, akawa anajikuna, na Kamene akamwambia, "Damu ya Kalamba ina sukari, ni mapapai yale." Tukacheka sote, watu wa mlimani na wa bondeni. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho tulichokicheka pamoja.

Kilonzo alikuwa amekuja Pasaka. Kwa hiyo mwezi wa Julai, Mwende alipoanza kuchoka na siku zake zikapotea, hakuna aliyetafuta sababu nyingine. Alipata homa jioni, mama mkwe akasema ni joto la mimba. Alikosa hamu ya chakula, akasema ni mimba. Akatamani udongo, na hapo mama mkwe akawa hana shaka kabisa, akanituma nikamvunjie kipande cha kile kichuguu, kwa kuwa udongo wake ni laini na wanawake wenye mimba huupenda. Nikavunja mimi mwenyewe kwa mkono huu, nikaleta kwenye lesso. Mwezi wa Agosti tumbo likaonekana. Ndipo nikamwona mama mkwe mwingine nisiyemjua. Alikuwa amezika mwana, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye hakuacha mtoto. Sasa akaingia jikoni kwangu, akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niolewe, akasema, "Huyu ataitwa Musyoka." Maana yake aliyerudi. Alimletea Mwende uji wa wimbi wenye maziwa kila asubuhi, akisimama juu yake mpaka aumalize, na alianza kusema naye kwa sauti ya chini, habari za huyo mwanawe, alivyopenda kulala na miguu nje ya blanketi. Mimi nilikuwa hapo hapo nikichambua mbaazi. Nilikuwa nimemzalia Ndunge, na hakuwahi kuniambia hata jina la mwana huyo.

Jumapili moja wote walikwenda kanisani. Mwende alibaki kwa sababu ya homa, nami nikabaki naye. Alikuwa amelala kwenye kitanda chake, jua likiingia kwa mlango na kuishia kwenye miguu yake, ambayo ilikuwa imekuwa kama miti ya ufagio. Aliniita. "Mama Ndunge, njoo ushike. Anacheza." Akauchukua mkono wangu akauweka tumboni. Sasa, mimi nilikuwa nimezaa, na nilikuwa nimewashika wenzangu wakizaa. Mtoto huanzia chini akipanda. Hiki kitu kilikuwa kimeanzia juu, chini ya mbavu za kushoto, kikishuka. Kilikuwa kigumu kama ubao, kina ukingo, na kwenye ukingo huo nilisikia kwa vidole pengo dogo kama la sufuria iliyogongwa. Hakikucheza. Nikatazama mifupa ya shingo yake, nikatazama matiti yake ambayo hayakuwa yamebadilika. Nilijua. Sikujua ni ugonjwa gani, lakini nilijua hakuna mtoto hapo. Akaniuliza, "Umesikia?" Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayekuonyesha nguo mpya.

Nikasema, "Nimesikia. Anacheza."

Nimekaa miaka mingi nikijipa sababu. Sababu ya kwanza ni kwamba kwetu mwanamke hasemi neno baya juu ya mimba ya mwenzake. Akisema halafu mimba ikaharibika, yeye ndiye aliyeiharibu, na mimi nilikuwa mwenye mtoto wa kike mmoja katika boma lililokuwa linangoja mwana. Wangesema nina wivu, na kutoka wivu mpaka uchawi ni hatua mbili. Hiyo ni sababu ya kweli. Lakini si yote. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimezoea furaha yake. Kila jioni njiani alinieleza jinsi Musyoka atakavyotembea, atakavyomtukana mama mkwe naye asipigwe, na jinsi Ndunge atakavyombeba. Katika maneno hayo na mimi nilikuwa na pahali. Ningesema neno langu moja, nyumba ingenyamaza tena. Nikanyamaza mimi badala yake. Nilinyamaza Agosti yote, nikanyamaza Septemba. Nilimbebea debe lake juu ya langu, nikimwambia apumzike kwa ajili ya mtoto. Na jioni, foleni ikiwa ndefu, bado nilimlindia ile nafasi yake yenye joto.

Mwezi wa Oktoba, mbingu zikiwa kavu na kila mtu akitazama juu, tulikuwa tunakula mchana. Mwende aliinama kwenye bakuli, na tone la damu likaanguka kutoka puani juu ya muthokoi mweupe. Kisha jingine. Akajaribu kula kama hakuna kitu, akikusanya sehemu safi na kijiko. Nilimtazama akila hivyo. Sijui kwa nini ilikuwa damu na si mengine yote, lakini niliondoka nikaenda kwa mama mkwe, nikamwambia nakwenda Mwingi kuuza vyondo na Mwende atanisaidia kubeba. Akasema, "Na mimba hiyo?" Nikasema tutapanda lori. Akaniambia, "Mshike vizuri. Umebeba watu wawili." Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Lori lilikuwa la makaa. Tulikaa juu ya magunia, na magunia yalikuwa ya mlima wetu. Niliyajua kwa jinsi yalivyoshonwa mdomo, na mengine huenda nilikuwa nimeyabeba. Mwende aliegemea bega langu, mweusi kwa vumbi la makaa, akafurahi kwa sababu hakuwa amewahi kuiona Mwingi. Aliuliza kama kuna maduka ya nguo za watoto. Nikasema yapo. Katika zahanati palikuwa na dresa, mhudumu wa dawa, mwenye nywele za mvi, Mwislamu wa palepale Mwingi, mtu mpole. Alimlaza, akamgonga-gonga kwa vidole, akachukua kalamu na kuchora mstari tumboni kwake kufuata ukingo ule, na pengo akalichora pia. Kisha akauliza, "Ninyi mnatoka wapi, na jioni mnakaa wapi?" Swali hilo nililiona la ajabu. Mwende akamwambia, "Usinibonyeze sana, daktari, kuna mtoto." Dresa akanitazama mimi. Akasema polepole, "Dada, hapa hakuna mtoto. Hii ni wengu. Imevimba. Ni ugonjwa wa kalaazar, na ungekaa mwezi mwingine nyumbani tungekuwa tunasema mambo mengine. Nitakuandikia uende hospitali kubwa leo."

Nilingoja alie. Hakulia. Aliutazama mstari wa kalamu, akaufuata kwa kidole chake mwenyewe, polepole, mpaka penye pengo, akasimamisha kidole pale. Kisha akaniinulia macho.

"Ulijua," akasema.

Hilo ndilo neno. Hakulipandisha sauti kama swali. Alikaa hospitali kubwa mwezi mzima na zaidi, sindano kila siku, sindano za kuuma, na mimi nilikwenda kumwona mara tatu na kibuyu cha uji. Mara zote tatu aligeukia ukuta. Muuguzi aliniambia nisihuzunike, wagonjwa wako hivyo. Uji aliunywa nikishatoka, niliona kibuyu kitupu kikiwa dirishani. Alipopona, kaka yake alikuja kumchukua moja kwa moja mpaka Kalamba, na hakupitia kwetu hata kuchukua kitanda. Kilonzo aliandika barua moja, halafu akaoa mtu wa pwani. Na mama mkwe? Siku niliyorudi peke yangu na kumweleza, aliwahesabu kuku wake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikupa watu wawili. Umerudi bila mtu." Hakuna siku nyingine aliyolitaja jambo hilo, na hakuna siku nyingine aliyoketi jikoni kwangu. Nilimpikia miaka ile yote. Miaka yake ya mwisho nilimwogesha na kumgeuza kitandani, akinishukuru kama mtu anavyomshukuru mtumishi, vizuri na kwa ufupi.

Mvua ilinyesha Novemba ile ikachukua udongo wa mlima mpaka mlangoni. Mwezi wa Desemba wakaja watu wa afya kule mtoni, wakiwa na karatasi zilizopakwa mafuta. Walizibandika kwenye mashimo ya kichuguu jioni, asubuhi zikawa zimejaa vile vidudu vya rangi ya mchanga. Mmoja wao, kijana mwenye miwani, akatueleza kwamba huo ndio usubi, kwamba hukaa ndani ya kichuguu kwa sababu ya joto na unyevu, hutoka jua linapotua, na ndio hupitisha kalaazar kutoka mtu mpaka mtu. Akauliza ni nani amekuwa akikaa karibu na mashimo. Wanawake wakanitazama. Nikasema, "Kuna mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkalisha." Akaandika. Kamene hakunicheka. Alishika panga akaanza kukichimba kichuguu kile kuanzia juu, peke yake, na baadaye sote tukamsaidia. Kijana alitukanya tusikae nje jioni. Nikamuuliza, tukae wapi na jioni ndiyo zamu yetu? Akarudi kwenye karatasi zake, na simlaumu, yeye alitumwa kuuliza habari ya usubi. Mimi nilitamani aulize habari ya msumeno. Nilitamani aulize kwa nini mwanamke aliyekuwa na maji mlangoni pake amekuja kukaa kwenye pumzi ya mchwa akingoja kata tano. Mwaka uliofuata watu watano wa mlimani walishikwa na ugonjwa huo. Wa bondeni, waliochota asubuhi, mmoja tu. Wenye punda na mapipa, ambao hawakukaa foleni, hakuna. Sikusoma sana lakini hesabu hiyo naiweza.

Basi ndiye huyo aliyesimama mlangoni siku ya mazishi. Alikula pamoja na watu, akaenda kaburini, akatupa udongo wake kama wengine. Nilisikia watu wakiulizana yeye ni nani, na hakuna aliyejua, kwa maana waliojua wamekwisha. Saa kumi wageni walipoanza kutawanyika alirudi jikoni. Wake za watoto nikawatuma wakaoshe vyombo nje. Jua lilikuwa linateremka na baridi ilikuwa imeanza, nikasogeza kigoda karibu na moto, nikamwambia, "Mwende, kaa hapa."

Akakitazama kigoda. "Hapana, Mama Ndunge," akasema. "Pahali penye joto ulishanipa." Akachukua ndoo, akaigeuza, akakaa karibu na mlango.

Tulikunywa chai. Akanieleza kwamba aliolewa tena, hapo hapo Kalamba, na ana watoto wanne, na kwamba hakuna kichuguu kinachosimama karibu na boma lake, watoto wake hukivunja kikiwa kidogo kama kofia. Nikamuuliza kwa nini amekuja. Akasema, "Yule mama mkwe alinipa uji wa maziwa miezi mitatu. Hakuna mwingine aliyewahi kunisimamia nikila." Nikasema polepole nililotaka kusema miaka yote. Nikamwambia kwamba Jumapili ile nilijua, kwamba niliogopa watu, na zaidi ya watu niliogopa kubaki peke yangu. Aliendelea kunywa chai. "Na ulibaki?" akauliza. Nikasema, "Nilibaki." Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayesikia bei ya kitu alichokinunua zamani.

Kisha akaweka kikombe chini. Akaja mpaka nilipokaa, akafungua lesso upande wa kushoto, akauchukua mkono wangu na kuuweka chini ya mbavu zake, juu ya gauni. Mkono wake ulikuwa mgumu kama wangu. Akanitazama machoni, karibu kabisa.

"Shika vizuri," akasema. "Kuna nini?"

Nilibonyeza kwa vidole, nikatafuta ukingo, nikatafuta lile pengo. Palikuwa laini, tumbo la mwanamke mzee aliyekula akashiba. Nilichukua muda wangu. Sikutaka kusema kabla sijajua.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Hakuna kitu," akasema. Akafunga lesso yake, akaokota kibeti, akatoka kwenda kutafuta gari kabla ya giza.